Gari Lililougua kwa Kuendeshwa Polepole

Soma hii hadi mwisho, usirukeruke. Ukimaliza, mtumie yeyote mwenye gari. Kama huna rafiki mwenye gari, mtumie wifi yako. Majina nimeyabadilisha, na sababu utaiona mwenyewe. Mengine nimeyaacha kama nilivyosimuliwa.

Pale Korogwe palikuwa na mwalimu wa udereva aliyeitwa Mahija Shemdoe. Nusu ya madereva wa mji ule walipita mikononi mwake: wa malori ya mkonge, wa magari ya wagonjwa, hata shehe mmoja ambaye kila mtu aliapa hatajua kurudi nyuma mpaka kiama. Alikuwa mama wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya darasani hata anapoomba chumvi.

Kanuni yake ilikuwa moja. Gari ni kama punda, alikuwa akisema. Ukimchapa atafika leo, lakini kesho hataamka. Badilisha gia mapema. Injini yako isisikike kwa jirani. Dereva mzuri ni yule ambaye abiria wake anasinzia.

Haikuwa kanuni mbaya. Iliwafikisha wengi nyumbani wakiwa wazima.

Mwanafunzi wake wa kwanza kabisa alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, Mbaruku. Alimfundisha kwenye njia za mashamba ya mkonge, miguu yake ikiwa bado haijafikia vizuri klachi. Mbaruku alipokua akawa mpima ardhi, akaoa, akajenga, na mwisho akanunua gari ambalo mji mzima ulitoka kulitazama.

Lilikuwa gari la milango miwili, la chini chini, alilouziwa na mzee mmoja wa Tanga aliyewahi kushindana nalo kwenye mbio za magari. Injini yake haikuwa ya kawaida. Ilikuwa ile inayoitwa rotari. Haina pistoni za kupanda na kushuka. Ndani mna chuma cha pembe tatu, umbo la andazi, kinachozunguka na kuzunguka. Mbaruku aliweza kulieleza andazi hilo kuanzia adhuhuri mpaka alasiri.

Kila Jumamosi yeye na mkewe, Mboni, waliondoka Korogwe, wakakata tambarare ya mkonge hadi Mombo, kisha wakapanda milima kwenda Soni. Madereva walioshuka kutoka huko walimletea Mahija habari.

"Mwalimu, mdogo wako ni hatari. Anaupanda ule mlima injini inalia mpaka bonde la pili linaitikia."

Mwanzoni Mahija alijisifu kila mahali. Alisema mdogo wake alizaliwa na usukani mkononi, na kama si yeye Mahija kumpa somo, nani angempa?

Kisha Mbaruku akapimwa, akakutwa na presha. Habari za Jumamosi hazikukoma. Injini iliendelea kulia kule Soni, na sasa Mahija alizisikia kwa sikio jingine. Alimwita mdogo wake, akamsema. Mbaruku alicheka, akamshika bega, akabadilisha mazungumzo. Basi hasira ya Mahija ikahamia kwa mkewe.

Mboni alikuwa afisa kilimo, mwanamke mfupi wa maneno machache, asiyependa kujieleza. Yeye na Mbaruku hawakujaliwa mtoto. Mahija alimwona kama mtu aliyekaa kando ya mume anayejiua, akatazama mandhari.

Asubuhi moja Mbaruku alianguka bafuni kwa kiharusi. Hakuamka.

Siku ya matanga, ukumbi umejaa ndugu na majirani, Mahija alisema maneno ambayo hayakusahaulika.

"Mume ana presha, kila Jumamosi anapiga resi milimani, na mke amekaa pembeni anapunga upepo. Mke mwenye huruma angemnyang'anya funguo."

Mboni alikuwa chumbani na wanawake wenzake, mlango uko wazi. Alisikia kila neno. Hakujibu.

Eda ilipoanza, Mahija alirudi kwenye nyumba ile akiwa na mwanafunzi wake mmoja wa kumsaidia kusukuma.

"Wifi, wewe uko ndani ya eda, hutoki. Gari likikaa hivi hivi litaharibika. Nalichukua nilitunze."

"Sawa, wifi," Mboni alisema kutoka nyuma ya pazia.

Mahija alitunza kweli. Hakuna aliyewahi kulitunza gari kama alivyolitunza yeye. Asubuhi aliliwasha, akalitoa kivulini, akalizima, akaliosha. Akaliwasha tena, akalirudisha kivulini, akalizima. Ijumaa alikwenda nalo sokoni. Barabara ya mjini aliipita kwa gia ya nne, mguu umegusa mafuta kama anayekanyaga mtoto aliyelala. Mshale unaoonyesha mizunguko ya injini haukuwahi kufika hata nusu ya njia. Alijua kwamba hivyo ndivyo mdogo wake alivyopaswa kuliendesha tangu mwanzo, na wakati mwingine, akiwa peke yake ndani ya gari, alimwambia hivyo kwa sauti.

Gari likaanza kuugua.

Kwanza lilichelewa kuwaka. Kisha likawaka na kutetemeka kama mwenye homa. Kisha likatoa harufu ya petroli mbichi, likakohoa, likazima katikati ya soko mbele ya watu aliowafundisha yeye mwenyewe. Kijana mmoja aliyefeli kwake mara kadhaa alikuja kusukuma bila kuombwa, na alisukuma kwa furaha kubwa mno.

Fundi Kilua, ambaye ndiye aliyekuwa akitengeneza magari ya shule yake, alizitoa plagi. Zilikuwa nyeusi na zimeloa. Akazisafisha, gari likawaka. Baada ya siku chache zikaloa tena. Akabadilisha betri, akabadilisha nyaya. Mwisho alijifuta mikono, akasema ukweli wake.

"Mwalimu, mimi nazijua injini za pistoni. Hii naipapasa tu. Ninavyoiona mimi, imechoka. Tuing'oe, tuweke ya kawaida. Bodi litabaki lile lile, na wewe utaliendesha unavyopenda."

"Litakuwa bado gari la Mbaruku?"

Fundi Kilua alifikiri kidogo. "Litakuwa na sura yake."

Usiku huo Mahija hakula vizuri. Aliona kama anaambiwa amzike mdogo wake mara ya pili, safari hii kwa spana. Lakini alikuwa mtu wa kukata shauri. Kilichobaki ni kimoja: mirathi ilikuwa bado haijagawanywa, na Mboni alikuwa mrithi kama yeye. Bila neno lake, injini haikuweza kung'olewa.

Eda ilikuwa imekwisha. Mahija alimkuta wifi yake uani, anapalilia mchicha.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Hujambo, Mboni?"

"Sijambo."

Walikaa barazani. Mahija alieleza yote, la plagi, la betri na la ushauri wa fundi. Mboni alisikiliza huku akiondoa udongo kwenye kucha.

"Unaliendeshaje?" aliuliza.

"Kwa adabu."

"Adabu gani?"

"Polepole, Mboni. Ninavyowafundisha watu miaka yote. Nalihurumia. Angalau mtu mmoja alihurumie."

Maneno hayo ya mwisho yalitoka na sumu yake, na Mahija alijua. Mboni alikung'uta udongo mikononi.

"Mimi nitakubali injini ing'olewe," alisema. "Lakini Jumamosi nipeleke Mombo nalo mara moja."

"Haliwaki sawasawa."

"Mwambie fundi azifute plagi. Likiwaka, usilizime mpaka ufike hapa mlangoni kwangu."

Mahija alitaka kukataa. Ila alimwona wifi yake amevaa ile kanga ambayo Mbaruku alimletea kutoka Tanga, akasema sawa. Alidhani ni mjane anataka kuaga.

Jumamosi gari liliwaka kwa shida, likawapeleka. Njia ya kwenda Mombo ni tambarare. Mkonge ulikuwa umesimama kulia na kushoto kwa mistari, milima ya Usambara mbele yao ikikua taratibu. Mahija aliendesha kama kawaida yake, gia juu, mguu mwepesi. Gari lilikohoa mara mojamoja, likaendelea. Mshale wa joto ulipanda taratibu mpaka katikati, ukakaa hapo.

Mahija aliona tu kwamba Mboni alikuwa akiutazama mshale ule wa joto mara kwa mara, kama mtu anayetazama chungu jikoni.

Mombo, pale mabasi yanaposimama ili abiria wale chakula, Mboni alisema, "Simama hapa kando. Usizime."

Mahija alisimama. Mboni alifungua mlango wake, akazunguka mbele ya gari, akaja kusimama upande wa usukani.

"Tubadilishane, wifi."

Mahija hakuelewa. "Tubadilishane nini?"

"Viti."

"Mboni! Tangu lini unajua kuendesha? Leseni unayo?"

"Ninayo. Niliichukulia Tanga."

"Na nani aliyekufundisha? Maana si mimi."

"Mtu uliyemfundisha wewe."

Nyuma yao basi lilipiga honi. Mahija alijikuta ameshuka, amezunguka, amekaa kushoto, mahali ambapo kwa miaka mingi alikaa akiwatazama wanafunzi. Lakini gari la shule lina breki ya pili upande wa mwalimu. Hili halikuwa nayo.

Barabara ya Soni inaanza kupanda bila kupiga hodi. Upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde, na kona moja haijaisha nyingine imeanza. Mboni aliweka gia ya pili. Mahija alisubiri atie ya tatu. Hakutia. Alikanyaga mafuta.

Injini ilibadilisha sauti. Kwanza ilikwaruza, kisha ikanguruma, kisha ikaanza kulia kwa sauti moja nyembamba inayopanda na kupanda. Mshale wa mizunguko ulipita mahali ambapo Mahija hakuwahi kuuona.

"Badilisha gia!"

"Bado."

"Mboni, badilisha, unaiua!"

"Bado, wifi."

Mahija aligeuka nyuma. Moshi mweusi ulikuwa ukitoka kwenye ekzosi, mzito kama wa tanuri la matofali.

"Linaungua! Simama!"

"Hayo ni masizi," Mboni alisema. Macho yake yalikuwa barabarani. Alipiga honi kabla ya kona, akapita, akakanyaga tena. "Injini hii inakula oili kidogo pamoja na petroli, ndivyo ilivyoumbwa. Ikienda polepole kila siku, masizi yanaganda ndani, plagi zinaloa, inakosa pumzi. Ikishapata moto lazima uikanyage, iyateme."

Mahija hakusikia nusu ya maneno hayo. Mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga sakafu kwa nguvu zote, ukiitafuta breki ambayo haikuwepo.

Mara kengele ndogo ikalia ndani ya dashibodi.

"Ya Rabi! Na hiyo nini? Gari linaomba msamaha!"

"Haliombi msamaha. Linaniambia sasa badilisha." Na hapo, mshale ukiwa umekaribia kabisa alama nyekundu, Mboni alikanyaga klachi na kutia gia ya tatu, laini kama anayefunika sufuria. Sauti ikashuka, ikaanza kupanda upya. Kona ilipokaribia, akarudi ya pili, asiiache injini ilegee hata kidogo.

Baada ya kona kadhaa Mahija alianza kugundua jambo. Mwendo wenyewe haukuwa wa kutisha. Basi la abiria lililokuwa mbele yao lilikwenda karibu sawa na wao. Kelele ndiyo iliyotisha. Na mikono ya wifi yake ilikuwa imetulia. Katika maisha yake alikuwa ameitazama mikono ya watu wengi kwenye usukani, na huo ulikuwa utulivu wa mtu aliyeipita njia hii mara nyingi.

Aligeuka tena nyuma. Moshi ulikuwa umekwisha. Gari halikukohoa, halikutetemeka. Lilikuwa linalia vizuri, kama kitu kilichofunguliwa kamba.

Mboni alilisimamisha Soni, kando ya akina mama wanaouza mboga na matunda. Aliiacha injini iungurume kwa utulivu kidogo, kisha akaizima.

Hawajashuka bado, muuza peasi mmoja alikwisha kuwafikia, beseni kichwani, kicheko usoni.

"Mama Jumamosi! Tulishasema umehama nchi! Tumeisikia injini tangu kule chini, nikawaambia wenzangu, yule anakuja." Aliinama atazame upande wa kushoto, akamwona Mahija, akasita kidogo. "Leo umekuja na mgeni. Mzee yuko wapi?"

Mboni alizikaza funguo mkononi.

"Mzee yupi?" Mahija aliuliza.

"Si yule anayekaa hapo ulipokaa wewe, dada! Anayefumba macho kwenye kona. Akifika hapa anashuka ameshika mlango, tunampa maji, anasema alhamdulillahi nimefika. Anatuchekesha! Anasema yeye injini anaipenda, ila kona zinamzungusha kichwa kuliko lile andazi." Mama yule alicheka peke yake. "Alitukataza tusimwambie mtu wa Korogwe. Anasema ana dada yake huko, mwalimu, ameshautangazia mji mzima kwamba mdogo wake alizaliwa na usukani mkononi. Sasa dada akisikia anaendeshwa na mkewe, atauweka wapi uso?"



Mahija alitazama upande wa kulia. Mboni alikuwa ametazama kioo cha mbele, machozi yanashuka bila sauti, na alikuwa hayafuti.

Basi Mahija akashuka, akamshika mkono yule muuza peasi.

"Mama, yule mzee ametangulia mbele ya haki. Tulimzika miezi kadhaa iliyopita. Mimi ndiye dada yake."

Muuza peasi alilitua beseni chini. "Inna lillahi," alisema. Kisha akasema tena. Alichagua peasi zilizoiva zaidi, akaziweka ndani ya gari kwenye mapaja ya Mboni, akaondoka bila kusubiri kitu.

Wawili wale walikwenda kukaa kwenye ukuta mfupi, ng'ambo ya barabara, panaposikika maji ya maporomoko.

"Tangu lini?" Mahija aliuliza.

"Tangu presha. Daktari alimwambia aache kupanda. Yeye mwenyewe kichwa kilikuwa kikimzunguka kwenye kona, hata kabla ya daktari. Akataka kuliuza gari. Nikamwambia nifundishe. Chini kule anaendesha yeye, polepole, mpaka lipate moto. Tukifika Mombo tunabadilishana. Mlima unakuwa wangu."

"Watu wote wale walioniletea habari—"

"Walisikia injini, wifi. Nani anatazama ni nani kashika usukani?"

Kilichomuuma Mahija zaidi hakikuwa kwamba alidanganywa. Kilichomuuma ni kwamba mdogo wake alimwogopa kiasi cha kujificha milimani, na kwamba majigambo yake mwenyewe ndiyo yaliyomfanya aogope.

"Nilikusema matangani, mbele ya watu wote."

"Nilisikia."

"Ungenijibu! Neno moja tu, Mboni. Ungesema, si yeye, ni mimi."

"Ningekujibu, ningemvua nguo marehemu siku ya msiba wake." Mboni alimega peasi, akampa nusu. "Aliniomba nisiseme. Hakusema niache kunyamaza akifa."

Walikula. Mabasi yalipita. Baadaye Mboni aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeona haya.

"Na mimi nina swali. Siku moja Mbaruku alisafiri, nikasema lazima gari likanyagwe. Nikaliwasha asubuhi, nikalipiga resi pale pale uani, baridi vile vile. Lilitoa sauti sijaisikia tena. Aliporudi, akalisikiliza, alikaa chini kabisa. Hakunigombeza, lakini tangu hapo hakuniacha niliwashe. Wewe leo umelileta mpaka Mombo limelainika kama siagi. Unafanyaje?"

Mahija alimtazama kuona kama anamtania. Hakuwa anatania.

"Sifanyi kitu," alisema. "Nalisubiri."

"Hilo ndilo silijui. Kusubiri."

Njiani kurudi Mahija aliendesha, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi yeye ndiye mwanafunzi na mwalimu kwa wakati mmoja. Alimweleza Mboni jinsi oili inavyokuwa nzito asubuhi, na kwa nini mguu uwe mwepesi mpaka mshale wa joto ufike katikati. Naye Mboni alimweleza kwamba gari hili halipendi kuburutwa kwa gia kubwa, na kwamba ukiliwasha, usilizime kabla halijapata moto, hata kama ulitaka kulisogeza tu kivulini. Walipofika tambarare iliyo wazi, Mahija alirudi gia ya pili, akavuta pumzi, akasoma bismillahi, akakanyaga. Alifumba jicho moja. Kengele ilipolia alipiga kelele kuliko injini.

Mboni alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza Mahija kumsikia akicheka tangu msiba, na pengine tangu harusi.

Injini haikung'olewa. Fundi Kilua alipouliza, aliambiwa mgonjwa amepona. Mahija alitaka kulirudisha gari uani kwa Mboni siku ile ile. Mboni akakataa, akasema kwake hakuna wa kulipasha moto. Wakakubaliana likae kwa mmoja wiki hii, kwa mwingine wiki ijayo, na Jumamosi wawe nalo pamoja.

Lakini lilibaki deni moja ambalo halikulipika kwa gari.

Ilipofika dua ya marehemu, ndugu walikusanyika tena kwenye ukumbi ule ule. Walikuwepo wale wale waliokuwepo matangani. Baada ya dua, kabla chakula hakijatoka, Mahija alisimama.

"Ndugu zangu, siku ya matanga nilisema neno hapa juu ya wifi yangu Mboni. Mlisikia wote. Neno lile lilikuwa uongo. Nilimdhulumu, na mbele yenu naomba anisamehe."

Watu walitazamana. Shangazi yao mkubwa, mzee asiyeweza kuacha uzi unaoning'inia, akauliza.

"Uongo kivipi, mwanangu? Mbaruku hakuwa akipiga resi milimani? Si tulisikia wote?"

Mahija alikuwa na jibu. Lilikuwa fupi, na lingemsafisha nusu ya aibu: alidanganywa kama wao, nani angemlaumu? Alitazama nyuso zile zilizomjua mdogo wake kama bingwa wa mlima wa Soni.

"Shangazi, kosa ni langu. Sababu yake haisemeki."

Minong'ono ikaanza. Mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba bila shaka Mahija alitaka kumlia mjane mali yake, ndiyo maana alilichukua gari, sasa dhamiri imemsuta. Mwingine akasema, si ajabu, nilijua. Mahija aliyasikia yote. Alikuwa na sauti ya kunyamazisha soko zima, na hakuitumia. Aliketi.

Jikoni, mlango uko wazi, Mboni alikuwa anapakua pilau. Upawa ulisimama hewani. Kisha akaijaza sahani ya kwanza, akaipita meza ya wazee, akampita hata shangazi mkubwa, akaenda kuiweka mbele ya wifi yake, akakaa naye, wakala sahani moja.

Funzo: Upole nao una saa yake, na kukanyaga kuna saa yake, anayejua kimoja tu ataharibu anachokipenda huku akidhani anakitunza. Wala usimhukumu mtu kwa mngurumo ulioletewa kutoka mbali, kwa maana aliyenyamaza huenda anamsitiri mtu wako mwenyewe.